Nimepewa bei tatu za websaiti, nichague nani?

"Habari kaka. Nafungasha dagaa wa ziwani nauza, nilianzia Mwaloni Kirumba na sasa nina kaeneo kangu Pasiansi, tupo watu wanne. TBS nimeshapata. Wateja wangu wengi ni wa WhatsApp na Instagram ila kuna hoteli na supamaketi za Dar wananiuliza websaiti yako ipi, nabaki naona aibu. Nimepata bei tatu. Kuna dogo anasoma chuo hapahapa Mwanza kasema laki nne anamaliza kila kitu wiki mbili. Kuna kampuni ina ofisi mjini wamenipa profoma ya dola 1,300 na kila mwaka dola 250, hao wanasema watanitengenezea duka kamili la mtandaoni na nitakuwa namba moja Google. Wa tatu nimempata Instagram yuko Dar, hataki hela ya kuanzia, namlipa elfu 70 kila mwezi na domeni na kila kitu wanashughulika wao. Moyo unataka huyo wa elfu 70. Ila jirani yangu websaiti yake ilizima tu siku moja, aliyemtengenezea hapokei simu mpaka leo na wateja wakituma imeli zinarudi. Naogopa kupigwa. Nichague nani, na kampuni nzuri nitaijuaje?"

Dada, kwanza hongera kwa TBS, wanaoijua ile safari wanajua. Na kabla sijaanza niseme wazi, mimi kazi yangu ndo hii ya kutengeneza websaiti, nipo Mwanza, kwa hiyo kwenye hizi bei nina upande wangu, nisome ukijua hilo.

Ninavyolisoma swali lako, bei haikusumbui sana. Kinachokusumbua ni kulipa afu siku moja ukaamka hamna kitu na hamna wa kumuuliza, na hiyo hofu ni ya kweli kabisa. Bahati mbaya kati ya hao watatu, yule moyo wako unayemtaka ndo anayekuweka karibu zaidi na yaliyomkuta jirani yako. Ngoja nieleze kwa nini.

Watu tukisema websaiti tunakuwa tumechanganya vitu vitatu. Kuna jina lenyewe, hiyo ndo domeni, mfano jinalako.co.tz. Kuna hostingi, yaani nafasi unayokodi kwenye kompyuta inayowaka masaa 24, tunaiita seva. Na kuna websaiti yenyewe, maandishi na picha na mafaili yanayokaa humo kwenye seva. Mteja akiandika jina lako kwenye simu, simu haijui websaiti iko wapi, inauliza kwanza mfumo unaoitwa DNS hili jina linakaa seva ipi, inajibiwa namba ya seva, ndo inakwenda kuchukua kurasa na kumuonyesha. Na imeli za mauzo@jinalako.co.tz zinatafuta njia kupitia jina hilohilo. Kwa hiyo jina likifa vyote vinakufa siku moja, hata kama mafaili yako yapo salama na seva inawaka. Websaiti na imeli kuzima kwa pamoja kama kwa jirani yako, mara nyingi ni jina limeisha muda bila kulipiwa, au hostingi iliyobeba vyote viwili haikulipiwa.

Sasa jina halinunuliwi mara moja likawa lako milele, unalilipia kwa mwaka au miaka, na anayelimiliki ni yule aliyeandikwa kwenye usajili, siyo aliyetoa hela. Ni kama laini ya simu iliyosajiliwa kwa kidole cha mtu mwingine. Utaitumia miaka mitano, wateja wote wanaijua, umeiandika mpaka kwenye vifungashio, lakini siku ikipotea ukienda kurenew wanamtaka mwenye kitambulisho, na wewe siyo yeye. Mafundi wengi wanasajili majina ya wateja kwa imeli zao wenyewe, wengine bila nia mbaya, ni uvivu tu, wanataka kumaliza haraka. Matokeo yake taarifa za "domeni yako inakaribia kuisha" zinakwenda kwenye imeli ya fundi, fundi kahamia Dodoma kapata ajira, imeli haifungui, jina linakufa na wewe hujui lolote mpaka mteja akupigie.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa yeyote kati ya hao watatu, kabla ya kuangalia rangi na picha na ofisi, ni hili: jina litasajiliwa kwa nani na kwa imeli ya nani? Jibu unalotaka kusikia ni jina la biashara yako kama lilivyo BRELA, imeli yako wewe, namba yako wewe, na paswedi ya ile akaunti unayo. Imeli yenyewe iwe unayoifungua kila siku na iliyounganishwa na laini iliyosajiliwa kwa jina lako, siyo ile uliyotengenezewa na kijana wa kibanda cha simu. Wala huhitaji fundi kwa hatua hii, jina unaweza ukalilipia mwenyewe. Rejista ya .tz iko chini ya TCRA na majina yanauzwa na wasajili waliothibitishwa, unaingia kwao unalipa, na .co.tz kwa mwaka ni hela ya makumi ya elfu tu, haifiki huko kwenye malaki. Ukishakuwa nalo fundi unamwambia jina hili hapa, nielekeze niweke nini kwenye DNS. Atakayekasirika kwa hilo umeshamjua mapema.

Na jirani yako mwambie asikae tu. Kuna huduma ya bure inaitwa Whois, unaandika jina linakuonyesha limesajiliwa kupitia nani na linaisha lini. Kama ni .co.tz amfuate yule msajili moja kwa moja, siyo fundi, aende na karatasi za BRELA na TIN na risiti alizomlipia fundi, aeleze. Kama ni .com basi awahi maana kule kuna saa inahesabu: jina likishaisha muda na msajili akalifuta kuna siku 30 ambazo mwenyewe bado anaweza kulikomboa kwa kulipa zaidi, baada ya hapo siku tano za kusubiri kufutwa kabisa, afu linakuwa huru, yeyote duniani analichukua. Kuna watu kazi yao ni kuvizia hayo majina wakaweka mambo ya kubeti.

Haya turudi kwa wako watatu.

Huyu wa elfu 70 kwa mwezi. Piga hesabu, ni 840,000 kwa mwaka, miaka mitatu 2,520,000, na mwisho wa miaka mitatu huna kitu, ni kodi. Kodi siyo dhambi, hata mimi nina wateja nawalipisha kwa mwezi, lakini lile neno "domeni na kila kitu wanashughulika wao" ndo linanitisha. Siku ukitaka kuhama jina linabaki kwao, na wakiamua elfu 70 iwe laki na ishirini utalipa tu maana jina liko kwenye maboksi yako. Kama unampenda kweli mwambie hivi, jina ni langu nimeshasajili, nakulipa kila mwezi kwa hostingi na matengenezo, na nikiondoka unanikabidhi mafaili yote na bakapu ya mwisho, yaani nakala ya akiba ya websaiti nzima. Akikubali kwa maandishi, huyo siyo mbaya hata kidogo. Ila wengi wa aina hii wanatumia mitambo ambayo websaiti haitoki humo, ukiondoka unaanza upya, muulize hilo waziwazi.

Kampuni ya dola 1,300. Nianze na hizo dola, kuna kanuni za mwaka 2025 zinazozuia kutangaza bei na kulipana kwa fedha za kigeni kwa huduma za humu ndani, kwa hiyo waambie wakupe profoma ya shilingi, na wakupe risiti ya EFD. Ofisi nzuri ni jambo jema, unajua pa kwenda kugonga mlango, mimi siidharau. Tatizo langu na hao ni mambo mawili wanayokuuzia.

La kwanza ni hilo la namba moja Google. Google wenyewe wanaandika kwenye maelekezo yao kwamba hakuna mtu anayeweza kukuhakikishia nafasi ya kwanza. Inavyofanya kazi, Google inatuma programu zake zinapita kwenye kurasa, zinasoma, zinatunza, afu mtu akitafuta wanapanga majibu kwa vitu vingi sana, maneno yaliyopo kwenye ukurasa, nani wengine wanakutaja, websaiti inafunguka haraka kiasi gani kwenye simu, mtafutaji yuko wapi. Fundi mzuri anaweza akakuandalia mazingira, basi. Kuna ujanja hapa wa kuujua pia: mtu anaweza kukufanya namba moja kwa jina la biashara yako mwenyewe, maana hakuna mwingine mwenye jina hilo, akakuonyesha kwenye simu yake ukafurahi. Mwambie atafute mbele yako maneno ambayo mnunuzi angeandika, mfano wako ungekuwa "dagaa wa Mwanza jumla", siyo jina la biashara, muone kama wateja wake aliowahi kuwafanyia kazi hiyo wanatokea. Na kitu ambacho kingekusaidia haraka zaidi ni cha bure, ile akaunti ya biashara ya Google inayokuweka kwenye ramani, unaijaza mwenyewe, picha, namba, masaa ya kazi, wanakuthibitisha kwa video mara nyingi, umemaliza. Hiyo fanya wiki hii, hata kabla ya websaiti.

La pili ni duka kamili la mtandaoni, kikapu, kulipia humohumo, akaunti ya mteja. Fikiria mauzo yako yanavyokwenda. Mteja wa Dar anataka kilo hamsini, anauliza bei ya leo, mnakubaliana, anatuma kwenye lipa namba, mzigo unapanda basi, nauli ya mzigo unaijua ukishafika stendi. Sasa bei ya dagaa wewe unaijua kuliko mimi, mbalamwezi ikiwa kubwa taa za wavuvi hazivuti kitu, dagaa wanaadimika, bei inapanda, giza likirudi inashuka. Duka la kikapu linataka bei iliyosimama na gharama ya usafiri iliyosimama, wewe huna hata kimoja. Utaishia na mteja kalipia bei ya wiki iliyopita. Juu ya hapo kuunganisha malipo ya simu kwenye websaiti kunahitaji kampuni ya katikati inayokata asilimia yake na inayotaka makaratasi ya biashara, na ukianza kutunza majina na namba na anuani za watu kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kazi tarehe 1 Mei 2023, ina Tume yake na ina masharti ya kujisajili. Siyo kwamba haiwezekani. Ila wewe saivi unalipia shida usiyokuwa nayo.

Unachohitaji nadhani ni kidogo kuliko wanachokuuzia. Yule meneja manunuzi wa hoteli hataki kikapu, anataka kujua wewe ni mtu wa kweli. Anaangalia cheti cha TBS, leseni, mnafungasha gramu ngapi, kiasi gani mnaweza kutoa kwa mwezi, na swali ambalo kila mnunuzi wa dagaa analo kichwani hata asipolisema, wamekaushwa kwenye chanja au kwenye mchanga? Picha tatu nzuri za chanja zako zitauza kuliko picha zote za kununua zenye mzungu anatabasamu na kompyuta. Kurasa nne tano, kitufe cha WhatsApp kinachofungua meseji moja kwa moja, imeli yenye jina lako, kwisha. Na ukurasa wa bei au taarifa ya mzigo ambao unaweza kuubadilisha wewe mwenyewe kwa simu bila kumpigia mtu. Hapa ndo napima fundi kwa kweli: nani kati ya hao watatu alikuuliza unauza vipi kabla ya kukutajia bei? Kama hamna aliyeuliza, wote bado hawajui wanatengeneza nini.

Dogo wa laki nne sasa. Kazi ya kurasa tano kwa WordPress, programu ya kutengenezea websaiti, kijana mwenye mkono mzuri anaiweza vizuri tu na kwa hela hiyo, usimdharau kwa sababu hana ofisi. Hatari zake ni nyingine. Atamaliza chuo ataondoka, sawa, lakini kama jina na hostingi viko kwako akiondoka unaita mwingine, WordPress inajulikana na mafundi kibao, kwa hiyo hilo tumeshalitibu. Hatari kubwa ni templeti za kuiba, templeti ni ule muonekano wa websaiti uliotengenezwa tayari. Kuna templeti na plagini (vipande vya kuongezea websaiti kazi) za kulipia ambazo watu wanazishusha bure kwenye vichochoro vya mtandao, nyingi zinakuja na mlango wa nyuma ndani yake, miezi miwili baadaye mteja anabonyeza websaiti yako anapelekwa kwenye kamari. Muulize templeti umeitoa wapi, kama ni ya kulipia akuonyeshe leseni, kama ni ya bure ya WordPress wenyewe poa kabisa. Na muulize nani atakuwa anasasisha, kwa sababu WordPress ikikaa mwaka bila kuguswa inakuwa mlango wazi. Mlipe kitu kidogo kila mwezi au kila miezi mitatu kwa kazi hiyo, ni hela halali, siyo kwamba laki nne inamnunua maisha.

Kwa hiyo ukinilazimisha kuchagua, kwa biashara ya watu wanne na kazi ya kurasa tano, ningempa dogo, jina likiwa lako, hostingi ikiwa yako, na makubaliano ya matengenezo ya mwaka. Kama kazi zake za nyuma ni mbovu basi ningerudi kwa kampuni nikawaambia toeni duka, toeni Google, nipeni bei ya kurasa tano kwa shilingi, na mara nyingi utashangaa bei inavyoshuka.

Kazi za nyuma unazikaguaje? Usiangalie kwenye kompyuta yake ofisini kwenye waifai. Chukua majina ya websaiti tatu alizotengeneza, zima waifai, washa bando lako la kawaida, fungua kwenye simu yako, ikiwezekana ukiwa sehemu mtandao unayumba, kama unapanda boti za Ukerewe, fungulia humo. Kama unahesabu mpaka ishirini hujaona kitu, mafundi wa hivyo wanapakia picha za mega nne nne kama zilivyotoka kwenye kamera wakati picha ya kwenye ukurasa inatosha kuwa chini ya kilobaiti 200. Mteja wako hatasubiri, na bando ni lake. Kuna kipimo cha bure cha Google kinaitwa PageSpeed Insights, unaweka anuani unachagua upande wa simu, kinakupa alama. Afu wapigie wenye hizo websaiti, namba zipo humohumo kwenye kurasa zao, waulize kitu kimoja tu, mara ya mwisho ulipopata tatizo alikujibu baada ya muda gani? Angalia pia kile kikufuli kwenye anuani, siku hizi cheti chake kinapatikana bure, kwa hiyo profoma ikiwa na laki moja ya "SSL" waombe wakueleze ni ya nini.

Makubaliano yaandikwe hata kama ni dogo wa mtaani, karatasi moja inatosha. Kurasa ngapi, marekebisho mara ngapi ndani ya bei, nani analeta maandishi na picha (ni wewe, na nakwambia kabisa websaiti nyingi zinachelewa hapo, fundi anangoja picha mteja anangoja fundi), ikiisha kila kitu ni mali ya biashara yako, na siku ya kukabidhi unapewa paswedi zote na bakapu. Malipo kwa awamu, theluthi mwanzo, theluthi ukiona inafanya kazi kwenye simu yako, ya mwisho baada ya kukabidhiwa. Siku hiyo ya mwisho ingia mwenyewe kwenye kila akaunti ukiwa na yeye pembeni, badilisha paswedi, ndo umpe hela.

Kuna mambo ambayo mimi kwa maandishi siwezi kukumalizia. Kama una wateja wa nje ya nchi unaotaka kuwaonyesha uwezo wa kusafirisha, pitia ofisi ya SIDO hapo Mwanza kabla hujaandika chochote kwenye websaiti, wakuelekeze vibali, usije ukatangaza kitu ambacho karatasi zako hazikiruhusu. Mkishindana na mtu juu ya jina la .tz, kwa msajili kwanza, akikwama TCRA. Na kama mwisho utaamua kwenda na kampuni ya mkataba wa miaka, mkataba wenyewe umpelekee wakili akusomee vile vipengele vya kujiondoa na vya nani mwenye mali, na advansi usitoe mpaka amemaliza kuusoma.